Daktari, je, madeni yanaua ubongo wangu?

"Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 41, nina watoto watatu, nafanya uwakala wa pesa za simu hapa Mwanza. Mwaka jana nilikopa kwa hawa wa kausha damu ili niongeze floti, nikakopa kwa mwingine nimlipe wa kwanza, sasa wamefika wanne. Mume wangu hajui. Yapata miezi saba sasa nasahau sana. Nilimtumia mteja laki tatu badala ya elfu thelathini na hajarudi. Nimeunguza maharage mara mbili ndani ya wiki moja, na mimi nimekaa hapo hapo jikoni. Naingia chumbani sijui nimefuata nini. Saa tisa usiku nashtuka, silali tena mpaka kunakucha. Duka la dawa walinipa vidonge vya usingizi, nameza kila siku, huu ni mwezi wa pili. Kijana wangu amesoma kwenye simu kwamba msongo wa mawazo unaua seli za ubongo na hazirudi. Mama mkwe anasema nimerogwa. Mama yangu mzazi alianza kusahau akiwa na miaka 70, na mpaka anafariki alikuwa hatutambui. Naogopa. Je, ubongo wangu unakufa? Utarudi? Na je, nimwambie mume wangu? Namfikiria sana dada yangu wa Geita, ila naona aibu hata kwake."

Marahaba, dada yangu, ingawa kwa hesabu zangu huenda tumezaliwa mwaka mmoja.

Nianze na ile hofu ambayo umeiandika mwishoni kana kwamba si kitu, kumbe ndiyo inayokuamsha usiku: kwamba unaelekea alikoelekea mama. Sipimi mtu kwa barua, na baadaye nitakwambia kwa nini bado nataka uonwe. Lakini tazama barua yako yenyewe. Umepanga madeni kwa mfuatano, umetaja kiasi cha muamala, umekumbuka maharage yaliungua mara ngapi na kwamba ilikuwa wiki ile ile. Mtu aliyeanza ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu kama Alzheimer kwa kawaida hasahau tu alichofuata chumbani. Husahau kwamba aliingia chumbani. Na mara nyingi anayekuja kulalamika kwangu si yeye mwenyewe, ni mwanawe au mwenzi wake, naye mgonjwa amekaa pembeni anashangaa kwa nini ameletwa. Wewe unalalamika mwenyewe, kwa ushahidi, tena kwa uchungu. Kwenye kumbukumbu, hiyo ni dalili njema.

Sasa, kama kumbukumbu hazijafutika, zimekwenda wapi? Jibu langu ni kwamba nyingi hazikuwahi kuingia.

Tuuchukue ule muamala wa laki tatu. Sikuwepo, lakini nimesimama kwenye vibanda vya mawakala vya kutosha kujua unavyokwenda. Mteja anainama dirishani, anasema "niwekee elfu thelathini", anataja namba. Unaanza kubonyeza. Simu ya pili inatetemeka mezani: leo ni siku ya rejesho. Ujumbe hujaufungua, ila umeshausoma. Kidole kinaendelea: tatu, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, na moja zaidi. Namba ya siri. Imekwenda. Jioni ukiulizwa yule mteja alivaa nini, hujui. Hukusahau, dada, hukumwona. Lakini nikikuuliza yule mkopeshaji wa kwanza alivaa nini siku aliyokuja kukutolea maneno mbele ya wateja, nadhani utanitajia mpaka viatu. Ubongo ule ule, kibanda kile kile. Tofauti iko kwenye kilichoruhusiwa kupita.

Ndani ya ubongo, kila upande, kuna kijisehemu kidogo ambacho wataalamu hukiita amigdala. Ni neno la Kigiriki lenye maana ya lozi, kwa sababu ya umbo lake. Huyo ndiye mlinzi wa getini. Akinusa hatari hasubiri kikao: anapeleka taarifa sehemu iitwayo haipothalamasi, na ndani ya sekunde chache tezi zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini. Moyo unadunda, mdomo unakauka, sukari inapanda kwenye damu. Nyuma yake inakuja homoni ya pili, kotisoli, ambayo hufika kileleni baada ya kama dakika 20 au 30. Mlinzi huyo huyo anapiga muhuri kwenye tukio la hatari ili lisisahaulike. Ndiyo maana viatu vya mkopeshaji unavyo mpaka leo.

Naomba nikitetee kidogo hiki kitu kotisoli, maana kimeharibiwa jina. Si sumu. Mtu ambaye mwili wake hautengenezi kotisoli kabisa hufa asipotibiwa. Kila alfajiri inapanda yenyewe ili utoke kitandani, hufika juu zaidi muda mfupi baada ya kuamka, kisha inashuka mpaka karibu na usiku wa manane. Na msongo mdogo wa muda mfupi unanoa akili. Muulize mwanafunzi yeyote jinsi anavyosoma mtihani ukibaki siku tatu. Shida ni pale kengele inapolia miezi saba bila mtu wa kuizima.

Kuna utafiti mmoja ninaoupenda kwa sababu ulifanyika jirani zetu, Masai Mara nchini Kenya. Mmarekani Robert Sapolsky alianza mwaka 1978 kwenda huko kuwachunguza nyani, akaendelea kwa zaidi ya miaka 20. Alikuwa akiwalaza kwa kishale cha dawa alichokipuliza kwa mrija, anatoa damu, anapima homoni. Nyani wa Mara hutafuta chakula kwa saa chache tu kwa siku, na simba hamjii kila saa. Anayemsumbua ni nyani mwenzake. Wale wa chini, wanaopokonywa na kuchapwa makofi bila kosa, kwa kawaida walikuwa na kotisoli ya juu hata wakiwa wametulia. Ila cheo hakikuwa kila kitu: nyani mwenye wenzake wa kukaa nao karibu na kuchambuana manyoya alikuwa na hali nzuri zaidi kuliko wa cheo kile kile aliyekaa peke yake. Shika hilo, nitalirudia.

Nyuma ya paji lako la uso kuna sehemu ya ubongo inayofanya kazi ya karani: inashika mambo mawili matatu kwa wakati mmoja, inahamisha umakini, inajizuia, inakagua sifuri kabla ya kubonyeza. Kemikali za hofu zikizidi, karani huyu ndiye anayepunguzwa kazini kwanza, na mlinzi anapewa ofisi nzima. Mbele ya nyoka huo ni mpango mzuri, maana anayekaa kukokotoa anaumwa. Kibandani kwako ni hasara ya shilingi laki mbili na sabini elfu.

Na je, karani anarudi? Mwaka 2009 watafiti wa New York walichapisha matokeo ya wanafunzi 20 wa udaktari waliokuwa wamejifungia wiki nne kujiandaa na mtihani mzito. Walilinganishwa na wenzao wasio na shinikizo hilo. Wale wenye msongo walikuwa wazito kuhamisha umakini kutoka jambo moja kwenda jingine, na picha za ubongo zilionyesha ile sehemu ya mbele haiwasiliani vizuri na nyingine. Mtihani ukapita. Baada ya mwezi mmoja wa kupumua walipimwa tena, na tofauti ilikuwa imeondoka. Wewe umekaa miezi saba, si wiki nne, na deni halina tarehe ya kumalizika kama mtihani, kwa hiyo sikuahidi mwezi mmoja. Nakuahidi mwelekeo.

Kijana wako hakudanganywa kabisa, amepewa nusu ya habari. Kuna sehemu nyingine, hipokampasi, ambayo ndiyo huandikisha kumbukumbu mpya. Imejaa vipokezi vya kotisoli, na panya wakibanwa mahali wasipoweza kugeuka, saa kadhaa kila siku kwa wiki tatu, seli zake zinapunguza matawi yanayoziunganisha na nyingine. Zinapunguza matawi, hazifi. Ni kama mwembe wakati wa kiangazi kikali, na panya wakiachiwa, matawi yanaota tena. Zamani hata wataalamu wakubwa walidhani seli zinakufa kwa wingi kwa binadamu pia. Kisha ukachunguzwa ubongo wa watu waliofariki wakiwa na historia ya sonona, yaani huzuni nzito ya muda mrefu, na uharibifu mkubwa uliotarajiwa haukuonekana. Pia wapo wagonjwa ambao mwili wao hutoa kotisoli kupita kiasi kwa sababu ya uvimbe. Hipokampasi yao husinyaa, na wakitibiwa, inajaa tena kwa kiasi.

Lakini usiniamini nikikupa habari njema tupu. Huko Bangalore, India, watafiti waliona kwamba kwenye ile lozi mambo huenda kinyume: msongo unayaongeza matawi badala ya kuyapunguza, na panya walipopumzishwa wiki tatu, hayakurudi yalivyokuwa. Mlinzi anayeshtuka haraka anachukua muda kutulia. Kwa hiyo hata ukimaliza madeni yote Ijumaa, Jumatatu simu ikitetemeka moyo utaruka. Usije ukadhani hujapona.

Mama mkwe sitagombana naye. Ameona mtu aliyebadilika ghafla, na kwa lugha yake amesema kuna kitu kimekuingia kutoka nje. Kwa hilo hajakosea: kimetoka nje, kina riba. Ninachokuomba ni kimoja tu, usichukue mkopo wa tano kwenda kulipia tiba ya huko, wala kununua zile chupa za "kusafisha ubongo" zinazouzwa stendi. Ubongo hausafishwi kwa kijiko.

Umaskini wenyewe, bila ugonjwa wowote, unakula nafasi ya akili. Utafiti wa mwaka 2013 uliwapima wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, kabla ya mavuno wakiwa hawana kitu, na baada ya mavuno wakiwa na fedha. Watu wale wale, vichwa vile vile, walifanya vibaya kwenye maswali ya kufikiri kabla ya mavuno. Tafiti za namna hii hazikubaliani kwa kila kipengele, lakini mimi naona jambo hilo kliniki kila wiki: mtu anadhani amekuwa mjinga, kumbe anapiga hesabu ya rejesho kutwa nzima bila kujijua. Kwa hiyo deni nalihesabu kama sehemu ya tiba. Daktari anayekwambia "punguza mawazo" bila kuuliza unadaiwa na nani hajakusaidia.

Kabla ya deni, vidonge. Hapa nataka usome taratibu. Hukutaja jina, basi angalia pakiti: kama imeandikwa diazepam, au jina lolote linaloishia na -zepam au -zolam, sehemu ya usahaulifu wako inatoka humo. Dawa hizi huzuia kumbukumbu mpya kuandikwa, na diazepam hukaa mwilini siku kadhaa, kwa hiyo unafungua kibanda ukiwa bado umelewa kidogo. Pia baada ya wiki chache mwili unazizoea na usingizi unaanza kukimbia tena. Lakini USIACHE GHAFLA. Umemeza kila siku kwa zaidi ya mwezi. Ukikata mara moja unaweza kupata hofu kali, kutetemeka, hata kuanguka kifafa. Nenda nazo hospitali na pakiti yake, upangiwe kupunguza hatua kwa hatua. Hili peke yake linatosha kukupeleka kwa daktari wiki hii.

Ukifika, waombe wakague pia mambo yanayoiga msongo: wingi wa damu, sukari, shinikizo, tezi ya shingo, VVU, na ujauzito kama inawezekana. Nimewahi kumhubiria mama mmoja kuhusu usingizi na mapumziko kwa miezi miwili, nikijiona hodari, kumbe tezi yake ilikuwa imelala. Vidonge vya tezi vilimrudisha. Tangu hapo napima kwanza, nahubiri baadaye.

Kibandani, mpunguzie karani mzigo. Kabla ya namba ya siri, soma kwa sauti kiasi na jina, mteja aitikie. Si aibu, wateja wanaipenda. Andika kwenye daftari kila unachotaka kukikumbuka, na jikoni tega kengele ya simu badala ya kuyaamini maharage. Simu ya wakopeshaji izime saa za kazi, ifungue kwa muda uliouchagua, tuseme saa kumi jioni, ujibu wote kwa mkupuo. Deni litakuwa lile lile, lakini mlinzi atakuwa na zamu badala ya kukesha.

Ile saa tisa ya usiku: ukikaa macho kama dakika 20, toka kitandani, keti sehemu yenye mwanga hafifu, rudi usingizi ukija. Usishike simu. Chai ya rangi na vile vinywaji vya kuongeza nguvu viishie mchana, maana kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu tu. Kupumua polepole, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, kunashusha mapigo ya moyo. Ni kitu kidogo, usikitarajie kulipa deni. Kutembea kwa miguu kuna ushahidi mzuri zaidi. Huko Marekani, wazee waliotembea kwa kasi dakika 40 mara tatu kwa wiki kwa mwaka mmoja, hipokampasi yao iliongezeka kwa asilimia 2 hivi, wakati ya wenzao ilipungua. Wewe una miaka 41 na vilima vya Mwanza bure.

Kisha deni. Kaa na karatasi moja, andika wanne wote: kiasi ulichopokea, ulichokwisha kulipa, kilichobaki kwa mujibu wao. Watu wengi hugundua hapo kwamba mmoja ameshalipwa mara mbili. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji anatakiwa kuwa na leseni inayotambuliwa na Benki Kuu. Uliza kuhusu kila mmoja, kwa sababu asiye na leseni hujadiliana tofauti akijua unajua. Afisa maendeleo ya jamii wa kata yako anaweza kukuelekeza pa kuanzia. Na mkopo wa kulipia mkopo uishie hapo ulipo.

Nakuja kwa wale nyani wenye wa kuwachambua manyoya. Nchini Zimbabwe watu hutumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, karibu sawa na sisi tunaposema fulani "ana mawazo". Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kusikiliza watu kwa utaratibu maalumu: taja matatizo yako, chagua moja, tupange hatua moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliokaa kwenye benchi walipungukiwa dalili kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hata Zanzibar. Sisemi utafute benchi. Nasema miezi saba umebeba wakopeshaji wanne bila kumwambia kiumbe yeyote, na kuificha siri nako ni kazi ya yule karani: kila siku unakumbuka ulisema nini, kwa nani, simu ipi usiiache mezani.

Dawa za sonona zipo na zinasaidia, ila huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na si kila mwenye msongo ana sonona. Kama kwa zaidi ya wiki mbili hakuna kinachokufurahisha, huli au unakula kupita kiasi, unajiona huna thamani, sema hivyo ukifika kliniki. Hospitali za rufaa za mikoa zina wahudumu wa afya ya akili, na hapo Mwanza mna Bugando.

Usisubiri miadi kama umeanza kufikiri kwamba bora usingekuwepo, au kwamba familia itapumua ukiondoka. Mwambie mtu leo, na nendeni wote hospitali leo, usiku hata kama ni usiku. Vivyo hivyo ukipotea njia unayopita kila siku, ukisikia sauti za watu wasiokuwepo, ukianguka kifafa, au mkono, uso au ulimi ukilegea ghafla. Hayo si msongo mpaka daktari aseme.

Kuhusu mume wako, mimi simjui. Kama ni mtu wa kupiga, usianze naye, na mweleze hilo mhudumu wa afya pia. Kama ni mtu wa kukasirika kisha akakaa chini, mwambie mchana, watoto wakiwa shule, ukiwa na ile karatasi ya wanne mkononi, maana atakachouliza kwanza ni kiasi. Ila naona dada yako wa Geita umemtaja mwenyewe bila kuulizwa. Mpigie huyo kwanza, leo jioni, kabla hujafungua ile simu nyingine.